Mnara wa Taa wa Visiwa vya Flannan: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Watu wengi hulisikia jina la Flannan kwa mara ya kwanza kupitia hadithi ya walinzi watatu waliopotea Desemba 1900, na wengi wao huisikia ikiwa imeshatiwa chumvi. Ukurasa huu umekusanya maswali yanayojirudia kila mazungumzo yanapofika hapo. Ukitaka kisa chenyewe tu, ruka hadi sehemu ya tatu. Ila anayeanza na kisiwa chenyewe na maisha ya walinzi huielewa sehemu hiyo vizuri zaidi.

## 1. Kisiwa na mnara

Visiwa vya Flannan viko wapi?

Viko katika bahari ya Atlantiki, kilomita 32 hivi magharibi ya kisiwa cha Lewis, huko Scotland. Vikubwa ni saba, ndiyo maana mabaharia wa zamani waliviita "Wawindaji Saba". Mnara umesimama juu ya kile kikubwa kuliko vyote, Eilean Mòr. "Kikubwa" hapa ni cha kulinganisha tu, kwani hakifiki hata hekta 20. Kilele chake kiko mita 88 juu ya bahari, na pande zake karibu zote ni magenge yanayodondoka moja kwa moja majini. Hakuna ufuo wa mchanga wala bandari.

Je, watu waliwahi kuishi huko kabla ya mnara?

Makazi ya kudumu ya kijiji hayakuwako. Kuna magofu ya kanisa dogo la mawe linalohusishwa na Mtakatifu Flannan, mtu wa Ireland wa karne ya 7, na ndiye aliyevipa visiwa jina. Watu wa Lewis walivuka kwenda kuwinda ndege wa baharini na kulisha kondoo, kisha wakarudi kwao. Mwandishi Martin Martin, mwenyeji wa visiwa vya Hebrides aliyeandika mwishoni mwa karne ya 17, alieleza jinsi wawindaji hao walivyokiheshimu kisiwa: wakishafika juu huvua kofia, huzunguka kwa kufuata mwendo wa jua na kumshukuru Mungu kwa kufika salama. Ukiitazama picha ya yale magenge, shukrani hiyo haikushangazi.

Kwa nini mnara ujengwe mahali pagumu namna hiyo?

Kwa sababu ya ugumu wenyewe. Meli zilizotoka Amerika kwenda bandari za mashariki ya Scotland na kaskazini mwa Ulaya zilipita kaskazini ya Hebrides, na visiwa hivi vilikuwa njiani bila taa. Usiku wa mawingu, nahodha hakuwa na cha kumjulisha kwamba miamba iko mbele yake. Mnara hupelekwa kwenye hatari, hata kama huko ndiko kusikojengeka kwa urahisi.

Nani aliubuni, nani aliujenga, na kwa kiasi gani cha fedha?

Mwenye kazi alikuwa Bodi ya Minara ya Taa ya Kaskazini, chombo kilichoanzishwa mwaka 1786 chenye makao yake Edinburgh. Mhandisi wake alikuwa David Alan Stevenson, mjukuu wa Robert Stevenson aliyejenga mnara maarufu wa Bell Rock. Mkandarasi alikuwa George Lawson kutoka Rutherglen.

Mnara wenyewe una urefu wa mita 23. Kwa kuwa umejengwa juu ya kilima, taa iko mita 101 juu ya bahari. Kazi ilianza mwaka 1895 ikitarajiwa kwisha kwa miaka miwili, ikala minne. Gharama ya mnara, madiko (mahali pa kushukia kutoka kwenye mashua), ngazi na reli ilikuwa pauni 6,914. Nyumba za familia za walinzi kule Breasclete, Lewis, zilichukua pauni 3,526 nyingine. Kila jiwe, kila pipa na kila ubao ulivutwa kwa kamba kutoka kwenye mashua inayoyumba hadi juu ya genge la mita 45 hivi. Miaka minne si mingi hata kidogo.

Taa iliwashwa kwa mara ya kwanza tarehe 7 Desemba 1899. Kumbuka tarehe hiyo, kwani mwaka mmoja na siku nane baadaye ilizimika.

Reli kwenye kisiwa kidogo hivyo ni ya kazi gani?

Ya kubebea mizigo. Kutoka kwenye madiko hadi mnarani ni mteremko mkali, na mafuta ya taa pekee yalifika mapipa 20 kwa mwaka, bila kuhesabu makaa, chakula na vipuri. Ikatandikwa reli nyembamba ambayo behewa lake lilivutwa kwa waya, likiendeshwa na injini ndogo ya mvuke iliyokaa kwenye kibanda kando ya mnara. Njia iligawanyika katikati, tawi moja likienda diko la mashariki na lingine la magharibi. Walinzi walipaita mgawanyiko huo "Clapham Junction", kwa jina la stesheni ya London yenye pilikapilika kupita kiasi. Utani wa watu watatu wasio na treni ya kusubiri.

Kwa nini madiko mawili?

Kwa sababu ya upepo. Bahari ikichafuka magharibi, mashua hujaribu mashariki, na kinyume chake. Kila diko lilikuwa na ngazi zilizochongwa kwenye mwamba na winchi ya kupandishia mizigo. Diko la magharibi ndilo linalokuja kuwa na maana katika sehemu ya tatu.

## 2. Maisha ya walinzi

Walinzi walikuwa wangapi na zamu zao zilikuwaje?

Wanne walipangiwa kituo hiki. Watatu walikuwa kisiwani wakati wote na mmoja pwani. Utaratibu ulikuwa wiki sita kisiwani, wiki mbili nyumbani. Meli ya huduma, Hesperus, ilikuja kila baada ya wiki mbili kumshusha mmoja na kumchukua mwingine, hali ya hewa ikiruhusu. Maneno hayo manne ya mwisho ndiyo yaliyokuwa ratiba halisi.

Kwa nini watatu na si wawili?

Wawili wangetosha kuwasha taa, lakini hawatoshi mmoja akifa. Mwanzoni mwa karne ya 19, kwenye mnara wa Smalls nje ya pwani ya Wales, mlinzi mmoja alifariki na mwenzake akabaki na maiti kwa wiki kadhaa katika dhoruba. Aliogopa kuitupa baharini asije akashukiwa kuua. Tangu hapo desturi ya watatu katika minara ya mbali ikashika mizizi. Kwa Flannan kulikuwa na faida nyingine: wawili wakitoka kufanya kazi nje, mmoja hubaki na taa.

Familia zao zilikuwa wapi?

Breasclete, ng'ambo huko Lewis, katika nyumba zilizojengwa na Bodi. Kisiwani waliishi wanaume watatu tu.

Waliwasilianaje na nchi kavu?

Kwa shida. Simu haikuwepo, wala redio. Bodi ilimlipa mlinzi wa wanyama wa uwindaji aliyeishi upande wa Uig, Lewis, ili aangalie kila siku kama taa inaonekana na kama kuna ishara yoyote imepandishwa kisiwani. Tatizo ni kwamba ukungu na mvua viliificha Flannan siku nyingi mfululizo. Kutoiona taa halikuwa jambo la kumshtua mtu. Mawasiliano yasiyotumia waya yalifika mwaka 1925, na Flannan ilikuwa miongoni mwa minara ya kwanza ya Scotland kuyapata. Kwa wale wa 1900 yalikuwa yamechelewa miaka 25.

## 3. Desemba 1900

Kwa ufupi, ni nini kilitokea?

Walinzi wote watatu walitoweka kisiwani, na hawakuonekana tena, si wazima wala maiti. Walikuwa James Ducat, Mlinzi Mkuu. Thomas Marshall, Msaidizi wa Pili. Na Donald McArthur, mlinzi wa muda aliyeshika nafasi ya William Ross, Msaidizi wa Kwanza, ambaye alikuwa mgonjwa. Ducat aliacha mjane na watoto wanne, McArthur mjane na watoto wawili. Marshall hakuwa ameoa.

Mbona ilichukua siku nyingi kugundulika?

Usiku wa tarehe 15 Desemba, meli ya mvuke Archtor, ikitoka Philadelphia kwenda Leith, ilipita karibu na visiwa na kuona kwamba taa haiwaki. Ilifika Leith tarehe 18. Hesperus ilitakiwa kuondoka Breasclete tarehe 20 kupeleka zamu mpya, lakini hali ya hewa ikaizuia hadi tarehe 26. Mwangalizi wa Lewis naye aliiona taa tarehe 7, akaikosa siku nne, akaiona tena tarehe 12, na baada ya hapo hakuiona. Kama ilivyoelezwa katika sehemu ya pili, hilo lilikuwa jambo la kawaida.

Joseph Moore alikuta nini?

Moore alikuwa Msaidizi wa Tatu, ndiye aliyekuwa anarudi kutoka likizo. Hesperus ilipokaribia tarehe 26 mchana, kisiwa kilikuwa kimya. Bendera haikupandishwa, masanduku matupu ya chakula hayakuwekwa dikoni, na hakuna mtu aliyeteremka kupokea mashua. Nahodha James Harvie alipiga honi na kurusha roketi bila jibu. Moore akashushwa peke yake.

Alikuta geti limefungwa, mlango wa nje umefungwa na wa ndani yake pia. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Majivu yalionyesha kwamba moto haukuwashwa kwa siku kadhaa. Vitanda vilikuwa vitupu, kama walivyoviacha walipoamka. Akateremka mbio kuwaita wenzake, akarudi na ofisa mmoja wa meli na baharia, wakapanda hadi taani. Taa ilikuwa imesafishwa na kujazwa mafuta, na mapazia ya kuzunguka vioo yamevutwa. Kazi yote ya asubuhi ilikuwa imekwisha.

Usiku huo Moore na watu watatu waliojitolea kubaki naye waliiwasha taa. Harvie alirudi Lewis na kupeleka simu ya maandishi Edinburgh ikisema ajali mbaya imetokea Flannan, na kwamba maskini watu hao lazima walipeperushwa magengeni au walizama wakijaribu kuokoa winchi au kitu kama hicho. Aliandika siku hiyohiyo, kabla ya uchunguzi wowote.

Walipotea lini hasa?

Karibu kwa hakika ni Jumamosi tarehe 15 Desemba, mchana. Daftari rasmi lilikuwa limejazwa hadi tarehe 13. Maelezo ya tarehe 14, na vipimo vya barometa, kipimajoto na upepo vya saa 3 asubuhi tarehe 15, vilikuwa kwenye sleti vikisubiri kunakiliwa. Vyombo vya jikoni vilikuwa safi, na Moore aliona kwamba hiyo ni dalili ya kuwa walitoka baada ya chakula cha mchana. Usiku wa siku hiyo Archtor ikapita gizani. Hivyo saa zilizobaki bila maelezo ni chache mno, tangu mchana hadi machweo ya mapema ya Desemba.

Diko la magharibi lilionyesha nini?

Hapa ndipo watu wangepaswa kukaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Robert Muirhead, msimamizi wa Bodi, alifika tarehe 29 Desemba. Upande wa mashariki alikuta kila kitu kimetulia. Upande wa magharibi mambo yalikuwa mengine.

Kwenye ufa wa mwamba, takriban mita 33 juu ya bahari, palikuwa na sanduku la kuhifadhia kamba za kufungia mashua. Sanduku halikuwepo, na kamba zake zilikuwa zimezongamana kwenye miguu ya winchi chini yake. Vyuma vya kushikilia kando ya njia vilikuwa vimepinda, reli imeng'olewa mahali pake, na boya la kuokolea maisha limetoweka. Jiwe lenye uzito wa tani moja na zaidi lilikuwa limesogezwa na kuporomoka njiani. Juu zaidi, kwenye kimo cha mita 60 hivi, majani yalikuwa yamechunwa hadi mita kadhaa kutoka ukingoni.

Ducat alikuwa amevaa buti za baharini na koti lisiloingia maji, na Marshall vivyo hivyo, kwa kuwa nguo hizo hazikuwepo mnarani. Kwa maelezo ya Moore, walinzi hawakuvaa hivyo isipokuwa wanapoteremka madikoni.

Uchunguzi rasmi ulihitimisha nini?

Katika ripoti yake ya tarehe 8 Januari 1901, Muirhead aliona kwamba maelezo yenye uzito kuliko yote ni haya: watatu hao waliteremka mchana wa tarehe 15 karibu na diko la magharibi kulifunga sanduku la kamba, wimbi kubwa kuliko walivyotarajia likapanda juu ya mahali waliposimama, na maji yaliporudi chini yakawazoa. Aliufikiria pia upepo, akaukataa, kwani ulikuwa unavuma kutoka magharibi na ungewasukuma kuelekea ndani ya kisiwa, si baharini.

Si ripoti ya mtu aliyekaa mbali. Ni Muirhead aliyewapendekeza Ducat na Marshall kwa kituo hiki, na alikuwa amekitembelea tarehe 7 Desemba. Aliandika kwa majonzi kwamba yeye ndiye aliyekuwa mtu wa mwisho kuwapa mkono.

Miili iliwahi kupatikana?

Haikupatikana.

## 4. Yanayosemwa na yaliyoandikwa

Je, chakula kilikutwa mezani na kiti kimeanguka?

Hapana. Barua ya Moore inasema kinyume: vyombo vilikuwa safi. Picha ya mlo usioguswa na kiti kilichopinduka ilienezwa hasa na shairi moja la Kiingereza la mwaka 1912. Mshairi ana ruhusa yake, na shairi ni zuri. Lakini likifundishwa shuleni kizazi baada ya kizazi, kiti cha kubuni huanza kukaliwa na watu wa kweli.

Na lile daftari la Marshall lenye maneno ya kutisha?

Hili ndilo swali namba moja. Maandishi yenyewe yanadai kwamba kuanzia tarehe 12 Desemba palikuwa na dhoruba ambayo Marshall hajapata kuona, Ducat amenyamaza, McArthur analia, wote watatu wanasali, na mwisho dhoruba imetulia na Mungu yu juu ya yote.

Ni ya kughushi. Hayamo katika barua ya Moore wala ripoti ya Muirhead, watu wawili waliolisoma daftari la kweli. Yalijitokeza katika jarida la visa vya ajabu la Marekani mwaka 1929, karibu miaka 30 baadaye. Yenyewe pia yanajisuta. Daftari la mnara ni la upepo, barometa na mafuta, nalo husomwa na wakubwa. Msaidizi hawezi kuandika humo kwamba mkubwa wake amenuna na mwenzake analia. Tena taa ilionekana kutoka Lewis tarehe 12, usiku uleule unaodaiwa kuwa wa dhoruba isiyo na mfano.

Ukikutana na makala inayoyanukuu maneno hayo kama ushahidi, unaweza kuacha kuisoma hapo.

Saa zote zilisimama wakati mmoja?

Simu ya Harvie inasema saa zilikuwa zimesimama, na ni kweli. Saa za wakati ule zilijazwa kwa mkono. Nyumba isiyo na mtu kwa siku 11 itakuwa na saa zilizosimama.

Huenda mmoja aliwaua wenzake?

Haiwezekani kulifuta kabisa jambo ambalo halikuwa na shahidi, lakini hakuna chochote kinacholiunga mkono. Hakukuwa na damu, samani zilizovunjwa wala silaha. Kazi za asubuhi zilifanywa kwa mpangilio, na makoti yanaonyesha kwamba wawili walijiandaa kwa kazi ya dikoni. Watu hawa pia ni marehemu wenye jamaa zao. Kumvisha mmoja wao kosa la mauaji kwa ajili ya kunogesha hadithi ni kumkosea.

Nyoka wa baharini, majasusi, meli ya mizimu?

Yote yamesemwa. Hakuna hata moja lenye alama iliyoachwa kisiwani, ilhali bahari iliacha jiwe la tani moja njiani.

## 5. Maswali ya wanaochimba zaidi

Kwa nini McArthur aliacha koti lake?

Hili ni swali zuri, na ndilo linalowasumbua hata wanaoukubali uamuzi wa Muirhead. Koti la McArthur lilibaki mnarani, kwa hiyo alitoka na shati tu, katikati ya Desemba. Mtu hatoki hivyo kwenda kazini. Hutoka hivyo akiitwa kwa kelele au akiona jambo.

Kuna maelezo yanayolingana na hilo, yaliyotolewa na mlinzi mmoja aliyetumikia Flannan kati ya 1953 na 1957 baada ya kuyatazama mawimbi ya upande wa magharibi kwa miaka. Kwa mtazamo wake, mmoja alizolewa na maji kwanza, wengine wakakimbilia kumwokoa, nao wakachukuliwa na wimbi lililofuata. Ukiyaweka pamoja na koti, unapata Ducat na Marshall dikoni wakiwa wamevaa kikamilifu, na McArthur akishuka mbio. Kwangu mimi hayo ndiyo maelezo yenye kukaa vizuri kuliko yote, ingawa kuna kikwazo kinachofuata.

Kama alikimbia, nani alifunga milango na geti?

Ndicho kikwazo chenyewe. Moore alikuta geti na mlango vimefungwa, na mtu aliyehamaki hafungi geti. Lakini "kufungwa" hapa ni kurudishwa, si kutiwa kufuli, na kwenye kilima kile upepo una mikono yake. Tena mtu aliyezoea kufunga mlango kila siku ili taa isipulizwe na nyumba isipoe hufunga bila kufikiri. Wengine huona bora kwamba McArthur alitoka bila haraka, akiwa mtu mgumu asiyejali baridi. Uzito uko pande zote mbili.

Kanuni haikuwa kwamba mmoja abaki daima?

Ndiyo, taa haikupaswa kuachwa bila mtu. Ndiyo maana kutoka kwa watatu wote kwa pamoja kunaashiria dharura kuliko kazi ya kawaida. Ila mchana taa haiwaki, na mikono mitatu huokoa kamba haraka kuliko miwili.

Kweli wimbi linaweza kufika mita 33, achilia mbali 60?

Wimbi lenyewe baharini halina kimo hicho. Kinachofika huko ni maji yaliyorushwa. Wimbi refu la Atlantiki likigonga genge, nguvu yake haina pa kwenda isipokuwa juu. Pwani ya magharibi ya Eilean Mòr pia ina mipasuko myembamba iliyoingia ndani ya mwamba, mmoja ukiishia kwenye pango. Maji yakiingia humo hubanwa na kufyatuka kama kwenye bomba. Mahali hapo panaweza kuwa patulivu kwa dakika kadhaa, kisha pakalipuka.

Flannan si pekee. Mwaka 1860, dhoruba kwenye mnara wa Bishop Rock, kusini magharibi mwa Uingereza, iling'oa kengele iliyotundikwa takriban mita 30 juu ya maji.

Kwa nini winchi haikuvunjika kama wimbi lilikuwa kubwa hivyo?

Ilikuwa imefungwa vizuri: mkono wake umelazwa na kukazwa, na turubai juu ya pipa la waya likiwa mahali pake. Wapinzani wa maelezo ya wimbi hulitumia hili kama hoja. Linaonyesha tu kwamba walinzi walishaiandaa winchi kwa hali mbaya, na kwamba kilichokuwa bado hakiko salama ni sanduku. Nguo za kazi nazo zinaelekeza hukohuko.

## 6. Baada ya hapo

Taa ilikaa gizani muda gani?

Kuanzia usiku wa tarehe 15 Desemba 1900 hadi tarehe 25. Iliwashwa tena tarehe 26, siku ileile kituo kilipokutwa kitupu.

Walinzi waliendelea kwenda baada ya msiba?

Waliendelea kwa miaka 70 mingine, zamu kwa zamu. Tarehe 28 Septemba 1971 mnara ulifanywa wa kujiendesha wenyewe, taa ikiwashwa kwa gesi ya asetilini, na kiwanja cha zege cha kutua helikopta kikajengwa ili mafundi wasitegemee tena madiko. Nyumba za Breasclete ziligeuzwa makazi ya kawaida. Mlinzi wa mwisho katika Scotland nzima aliondoka Fair Isle Kusini tarehe 31 Machi 1998.

Mnara bado unafanya kazi?

Ndiyo. Unatoa mimuliko miwili meupe kila sekunde 30, ukifuatiliwa kutoka mbali.

Naweza kuutembelea?

Kuviona visiwa kwa mashua wakati wa kiangazi, ndiyo. Kushuka ni jambo lingine: utafika, utatazama ngazi, na nahodha ataamua. Wakazi wa siku hizi ni ndege, wakiwemo dhoruba-bahari wanaotaga mashimoni, kwa hiyo tazama unapokanyaga.

Nimetafuta "Eilean Mòr" nikapata visiwa vingi. Kipi ndicho?

Jina ni la Kigaeli na maana yake ni "kisiwa kikubwa" tu, kwa hiyo Scotland imejaa visiwa vyenye jina hilo. Tafuta kwa kuongeza Flannan.

Kwa nini majina hutofautiana kati ya simulizi moja na nyingine?

McArthur huandikwa pia MacArthur. Archtor wakati mwingine hutajwa kama Archer. Na kwa sababu McArthur alikuwa mbadala wa William Ross, simulizi zilizonakiliwa ovyo humpa yeye jina la William, au humweka Ross miongoni mwa waliopotea. Ross hakuwa kisiwani siku ile, alikuwa mgonjwa.